Toyota, kikwazo, Sigma Sita au chati: njia ipi ya kuboresha kazi ifae biashara ya Lamu?

Kati ya Mkomani na Langoni kuna karakana za milango ya nakshi, nyumba za wageni na wachuuzi wa samaki. Ukiwauliza wenyewe kazi inakwendaje, majibu hukaribiana: wateja wanalalamika, gharama zinapanda, na marekebisho ya leo hayaonekani mwezi ujao. Malalamiko yanafanana lakini kasoro si moja. Mlango unachelewa. Chumba kinakabidhiwa kikiwa safi leo, kesho kichafu. Samaki anaharibika kabla hajafika Mombasa. Kuchelewa, kubadilika-badilika na kuharibika ni mambo matatu mbalimbali, na njia za kuboresha ubora zilizobuniwa duniani katika miaka mia moja iliyopita zilianza kila moja na shida yake. Kwa hiyo swali la "ipi bora" halijibiki mpaka mtu aseme kwanza kinachomsumbua ni kipi.

Nawaandikia wenye biashara za watu watatu mpaka thelathini, kwa sababu mafunzo mengi ya somo hili yalitungwa kwa viwanda vya maelfu ya wafanyakazi, kisha huletwa kwetu bila kupunguzwa. Mtu analipia semina, anarudi na daftari lenye michoro, na baada ya muda daftari liko juu ya kabati. Si kwamba hakuelewa. Alifundishwa kazi ya kiwanda, naye ana vyumba kumi na punda wawili wa kubebea mizigo.

Karakana ya milango: kufuta hasara au kutafuta kikwazo?

Tuseme karakana ina watu 5: maseremala wawili wa kukata mbao na kupiga randa, mchonga nakshi mmoja, kijana wa msasa na mafuta, na mwenyewe anayepokea oda na kutafuta mbao. Milango 12 imeshaanzwa. Kila mwezi hutoka 3. Mteja anayeweka oda leo ataupata mlango wake lini? Hesabu yake ilithibitishwa na profesa wa Marekani, John Little, mwaka 1961: chukua kazi zilizo mkononi, gawa kwa zinazokamilika kila mwezi, na jibu ndilo muda wa kusubiri. Milango 12 kwa 3 ni miezi minne. Mwenyewe amemwambia mteja wiki sita, wala hakukusudia kumdanganya. Alihesabu siku za mkono kugusa mbao, hakuhesabu siku ambazo mlango umeegemezwa ukutani ukingoja zamu.

Kungoja huko ndiko njia ya Toyota inakopiga vita. Mhandisi Taiichi Ohno, aliyeijenga viwandani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alitaja hasara saba: kutengeneza kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha bila sababu, kazi ambayo mteja hakuihitaji, kurundika akiba, mwendo wa bure wa mfanyakazi, na kasoro zenyewe. Nje ya Japani njia hii imeenea kwa jina la Lean tangu mwisho wa miaka ya 1980. Ukiingia karakanani ukiwa na orodha ya Ohno kichwani, utaona mengi usiyoyaona kila siku: mbao zinazohamishwa mara tatu kabla ya kukatwa, patasi inayotafutwa, miimo iliyorandwa mapema kuliko inavyotakiwa, kizingiti kilichokatwa kifupi kikarudiwa.

Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli aliyeanza kueneza nadharia yake ya vikwazo mwaka 1984, angeingia karakana hiyohiyo na kuuliza swali moja tu: kazi inarundikana mbele ya nani? Hapa inarundikana mbele ya mchonga nakshi. Maseremala wawili wanaweza kuandaa mbao za milango 6 kwa mwezi, kijana wa msasa anaweza kumaliza 8, lakini mchonga nakshi anachonga 3. Basi karakana nzima ni ya milango 3. Ajiri seremala wa tatu, bado ni 3. Nunua randa ya umeme, bado ni 3, ila rundo la kungoja litakuwa refu zaidi na mteja atasubiri zaidi.

Goldratt aliweka hatua tano. Tambua kikwazo. Kitumie mpaka tone la mwisho. Kazi nyingine zote zifuate mwendo wake. Ikiwa bado hakitoshi, kipanue. Kikiacha kuwa kikwazo, rudi mwanzo utafute kingine. Hatua ya pili ndiyo yenye faida kubwa kwetu, kwa kuwa haina gharama. Mtazame mchonga nakshi siku mbili tatu uandike anachofanya. Mara nyingi utakuta ananoa patasi zake mwenyewe, anasaidia kushusha mbao gatini, anapokea simu ya mteja anayetaka kubadilisha ua la nakshi, anachora mchoro upya kwa kuwa kielelezo cha mwanzo kimepotea. Mpe kijana wa msasa kazi ya kunoa. Mwenyewe akubaliane na mteja kuhusu mchoro kabla mbao hazijafika kwa mchongaji. Kagua mbao kabla hazijachongwa, si baada, maana ufa ukigunduliwa nakshi imekwisha chongwa, zile siku hazirudi. Hatua ya tatu ni ngumu zaidi kuikubali: maseremala wapunguze mwendo. Wasianze mlango mpya mpaka mchonga nakshi amalize mmoja. Mwenyewe ataona watu wamekaa barazani mchana na roho itamuuma, lakini milango iliyo mkononi ikishuka kutoka 12 hadi 6, muda wa mteja unashuka kutoka miezi minne hadi miwili, hata kama hakuna mlango mmoja wa ziada uliotoka.

Ukiziweka njia hizi mbili bega kwa bega, tofauti iko katika upana. Toyota hutazama kila mahali na humtaka kila mfanyakazi atazame. Matunda yake hukomaa kwa miaka, na mwenye kuacha katikati hubaki na rafu zilizopangwa vizuri na mteja yuleyule aliyekasirika. Goldratt hutazama mahali pamoja, na mtu mmoja mwenye daftari anaweza kupata jibu ndani ya wiki. Kwa karakana ya aina hii naona uanze na kikwazo, kisha orodha ya Ohno uitumie hapo penye kikwazo tu. Hasara iliyo kwa kijana wa msasa, mwenye nafasi tele, iache kwanza. Ukiifuta hutapata mlango hata mmoja zaidi.

Lakini nadharia ya vikwazo nayo inasumbuliwa na majira yetu. Mwezi wa Mei, kusi likivuma na wageni wamepungua, kikwazo si mchonga nakshi tena, ni soko. Hakuna oda. Kumtumia mchongaji mpaka tone la mwisho wakati huo ni kutengeneza milango ya kuwekwa stoo. Mwenye karakana inampasa aulize upya kila msimu kikwazo kiko wapi, na kikiwa nje ya ukuta wake, jitihada ziende kwa wanunuzi: mafundi wa majengo wa Shela, wenye nyumba wa Malindi na Watamu, na wale wanaokarabati majumba ya zamani.

Na kuna jambo moja la Toyota ambalo kisiwani lazima lipimwe upya, nalo ni akiba. Mafunzo mengi yatakwambia akiba ni hasara, vitu vije vinapohitajika tu. Kwa kiwanda ambacho wauzaji wake wa vipuri wako karibu, hilo linawezekana. Kwetu mbao, saruji, gesi na unga huja kwa lori mpaka Mokowe, hupakiwa chomboni, hushushwa gatini na kubebwa na hamali au punda. Safari ya lori nusu tupu hugharimu karibu sawa na lori lililojaa, na kuna siku bahari au barabara haikubali. Kuweka unga wa wiki mbili hapa ni busara ya mahali. Hata Toyota wenyewe, baada ya tetemeko na tsunami ya 2011, waliona hatari ya kukosa akiba kabisa wakaanza kuhifadhi zaidi vipuri vigumu kupatikana. Tofautisha akiba ya malighafi inayokulinda na bahari, na rundo la kazi zilizoanzwa zisizokwisha. Hiyo ya pili haikulindi na chochote.

Nyumba ya wageni: Sigma Sita au karatasi yenye mistari mitatu?

Sigma Sita ina sifa kubwa na vyeti vyenye majina ya mikanda kama ya judo: wa njano, wa kijani, mweusi. Ilianzia kampuni ya Motorola, Marekani, mwaka 1986, kwa kazi ya mhandisi Bill Smith, na ikapata umaarufu zaidi Jack Welch alipoiingiza General Electric mwaka 1995. Lengo lake ni kasoro zisizozidi 3.4 katika kila nafasi milioni moja za kukosea. Mwendo wake ni hatua tano: fafanua tatizo, pima, changanua, boresha, dhibiti. Hatua zenyewe ni nzuri, na sina neno nazo.

Neno langu ni juu ya hesabu. Kasoro 3.4 kwa milioni ni kasoro moja katika kila nafasi 294,000 hivi. Nyumba ya vyumba 10, ikijaa kila siku ya mwaka, inauza usiku 3,650. Ukihesabu kila usiku wa chumba kuwa nafasi moja ya kukosea, utahitaji miaka 80 kuona kosa moja la kiwango hicho. Hata ukivunja kila usiku kuwa mambo 20 ya kukagua, yaani taulo, mashuka, maji, chandarua, chai na mengineyo, bado ni miaka minne kwa kosa moja. Hakuna namna ya kujua kama umefika au hujafika. Vifaa vyake vya takwimu vinataka data nyingi zinazojirudia. Viwanda vya chumvi vya huko Gongoni na Marereni, vyenye mifuko mingi ya uzito mmoja, vinaweza kufaidika nayo sana. Benki, kampuni za simu na maabara za hospitali kubwa vilevile. Mwenye vyumba 10 akilipia mkanda wa kijani, elimu haitaoza, lakini fedha hizo zingenunua tangi la pili la maji.

Kinachomfaa kilitangulia Sigma Sita kwa miaka sitini na ushee, na ndicho msingi wa Sigma Sita yenyewe. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akishughulikia ubora wa vifaa vya simu vya kampuni ya Western Electric, alichora chati ya kwanza ya udhibiti. Wazo lake ni hili: kila kazi hubadilika-badilika kidogo kwa asili yake, bila sababu moja ya pekee, na mara chache hubadilika kwa sababu maalumu inayoweza kutafutwa na kupatikana. Mwenye kuchanganya hizo mbili huharibu zaidi anapotaka kutengeneza.

Iangalie kwa hesabu. Hesabu malalamiko ya wageni ya kila wiki kwa wiki 12 au zaidi za msimu mmoja. Tuseme wastani ni 4. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2. Zidisha mara tatu upate 6. Jumlisha na wastani upate 10. Chora mstari kwenye 4 na mwingine kwenye 10. Wa chini, kwa kuwa 4 ukitoa 6 ni pungufu ya sifuri, uache kwenye 0. Wiki yoyote iliyo ndani ya mistari hiyo si habari mpya. Wiki yenye malalamiko 7 ni zao la nyumba ileile iliyoleta 2 wiki iliyopita. Wiki yenye 11 ndiyo ya kuuliza kilichotokea. Na wiki nane mfululizo zikikaa upande mmoja wa wastani, hapo kuna jambo limebadilika kweli, zuri au baya.

Sasa fikiria inavyokuwa bila chati. Wiki hii malalamiko 7, mwenye nyumba anamwita dada wa usafi na kumfokea. Wiki inayofuata yanashuka hadi 3, kama ambavyo yangeshuka hata angenyamaza, kwa kuwa baada ya namba ya juu ile inayofuata mara nyingi huwa karibu zaidi na wastani. Mwenye nyumba anaamini ukali umefanya kazi. Wiki nyingine yamekuwa 2, anampongeza. Ya baada yake yamerudi 5, anahitimisha kuwa pongezi zinamharibu mtu. Hivyo ndivyo waajiri wengi wema hufundishwa ukali na namba wasizozisoma sawasawa, na wafanyakazi hujifunza kuficha malalamiko. W. Edwards Deming, aliyeipeleka elimu ya Shewhart Japani katika mihadhara yake ya 1950, alipigania jambo hili maisha yake yote: sehemu kubwa ya kasoro inatoka kwenye mfumo wa kazi, na mfumo ni wa mwenye biashara kuubadili. Ningekuwa na uwezo wa kufundisha kitu kimoja tu katika somo hili lote, ningefundisha hicho.

Chati ina masharti yake. Wiki zifanane. Disemba nyumba imejaa na Mei imebaki vyumba viwili, malalamiko 4 hayana maana moja. Hapo gawa malalamiko kwa vyumba vilivyolaliwa. Na wiki ambazo mji wenyewe hubadilika, kama wiki ya Maulidi, ziwekee alama pembeni. Namba yake ikiruka juu, sababu maalumu unayo tayari.

Chati itakwambia kama kuna jambo, haitakwambia ni jambo gani. Kwa hilo ongeza karatasi ya mistari: kila lalamiko liandikwe aina yake, maji, fani, mashuka, chai kuchelewa, kelele. Joseph Juran, aliyefika Japani mwaka 1954, alifundisha kwamba aina chache ndizo hubeba sehemu kubwa ya kasoro. Shika iliyo kubwa kuliko zote, uulize kwa nini mpaka uchoke, desturi ambayo Toyota wameifanya maarufu. Maji ya bafuni hayatoki vizuri. Kwa nini? Bomba la mvua limeziba. Kwa nini? Lina ukoko wa chokaa na chumvi. Kwa nini halikusafishwa? Halimo kwenye orodha ya usafi. Kwa nini? Orodha iliandikwa nyumba ilipofunguliwa, mabomba yalipokuwa mapya. Angalia jibu limetokea wapi: mwanzoni ungedhani ni uzembe wa mtu, mwishoni ni karatasi iliyopitwa na wakati.

Ndipo unaingia mzunguko wa Deming: panga badiliko moja, lifanye kwa vyumba vitatu, pima, halafu lieneze au liache. Badiliko moja kwa mara moja. Ukibadilisha sabuni, mfanyakazi na tangi wiki moja, chati ikishuka hutajua umshukuru nani.

Samaki: hapa huchagui kwa kupenda

Kwa mchuuzi wa samaki mjadala ni mfupi, maana njia za juu zote hukubali kwamba kasoro itaonekana na kurekebishwa. Jodari na nguru wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao, na histamini haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa. Samaki anaweza kuonekana mzima na akamdhuru mlaji. Ukaguzi wa mwisho hauokoi kitu. Kinachotakiwa ni HACCP, utaratibu uliozaliwa miaka ya 1960 wakati kampuni ya Pillsbury ikishirikiana na shirika la anga la Marekani, NASA, kutengeneza chakula cha wanaanga. Unaorodhesha hatari, unatafuta hatua ambazo hatari hiyo inaweza kuzuiwa, unaweka kipimo, unakipima kila mara, unaamua mapema utafanya nini kikivukwa, unahakikisha utaratibu unafanya kazi, na unaandika.

Kwa biashara ndogo hatua za kuzuia hatari ni tatu nne: barafu chomboni tangu samaki anapovuliwa, joto anapopokelewa gatini, sanduku la safari, na usafi wa maji na meza. Kipimajoto na daftari vinatosha kuanza. Jodari akipokelewa akiwa na joto, halijadiliwi, hanunuliwi. Uamuzi huo uandikwe kabla mvuvi, ambaye huenda ni mjomba wako, hajasimama mbele yako na samaki wake. Anayetaka kuuza Umoja wa Ulaya hana hiari hata kidogo, utaratibu huu ni sharti la sheria zao.

Wengi huchanganya hili na ISO 9001. Hicho ni kiwango cha mfumo wa usimamizi, kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na kurekebishwa mara kadhaa, toleo kubwa likiwa la 2015. Cheti chake kinasema biashara ina taratibu zilizoandikwa, inazifuata na inazipitia. Hakisemi samaki huyu ni salama, wala hakikuonyeshi mlango unachelewa wapi. Hapa Kenya KEBS, shirika la viwango la taifa, ni miongoni mwa wanaotoa cheti hicho. Kitafute mnunuzi au zabuni ikikidai. Ukikitafuta kwa ajili ya ukutani, utalipia ukaguzi wa kila mwaka na kuandika makaratasi usiku, huku kikwazo kikikaa palepale.

Zilizobaki

Kaizen, maboresho madogo ya kila siku yanayotoka kwa wafanyakazi wenyewe, na 5S, upangaji wa mahali pa kazi, ni mlango wa bei nafuu. Tanzania 5S imetumiwa katika hospitali za umma kwa msaada wa Wajapani, na wenzetu wameipa maneno yanayokaa kinywani: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Karakana yenye patasi zinazopotea ianze hapo, bila kungoja mtu. Ila 5S peke yake haitafupisha miezi minne ya mteja.

Kubuni mchakato upya kuanzia sifuri, kama alivyohubiri Michael Hammer mwaka 1990, ni kinyume cha kaizen. Mfano wake mashuhuri ni wa Ford: idara ya malipo ya wauzaji ilikuwa na watu zaidi ya 500, ilhali Mazda walifanya kazi hiyo kwa watu 5. Ford hawakuharakisha karatasi, waliondoa ankara yenyewe. Kwetu nafasi ya njia hii ni pale hatua nzima haina kazi tena, kama daftari la amana za wageni linalojazwa kwa mkono na malipo yote sasa yanapita M-Pesa. Futa hatua, usiiboreshe. Lakini njia hii iliambatana na kuachisha watu kazi, na katika mji ambao mfanyakazi wako ni binamu wa jirani yako, hesabu ya gharama hiyo haiishii kwenye mshahara.

Kijana anaweza kumwambia fundi amekosea?

Njia zote hizi, isipokuwa kwa kiasi nadharia ya vikwazo, zinategemea jambo ambalo halimo kwenye michoro. Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi yeyote anaweza kuvuta kamba na kuomba msaada akiona kasoro, na mstari ukasimama. Karakana zetu hufundisha kwa uanagenzi. Kijana hukaa miaka chini ya fundi, na kumsahihisha hadharani ni utovu wa adabu. Mkufunzi akisema tu "wafanyakazi waseme", ameshaondoka na boti ya jioni na kijana hajasema kitu.

Heshima hiyo siitaki ivunjwe. Kinachowezekana ni kuitoa kasoro kwenye kinywa cha mtu na kuiweka kwenye utaratibu. Kila mbao hupimwa mara mbili na watu wawili kabla ya msumeno, iwe ya fundi au ya mwanafunzi. Kijana anasema, "Fundi, zamu ya kipimo cha pili," naye hajamkosoa mtu. Vivyo hivyo kwa dada wa usafi: malalamiko yaandikwe na mgeni mwenyewe kwenye kadi au yapokelewe na mtu mmoja, na mwenye nyumba aahidi, kisha atimize, kwamba karatasi hiyo haitamfukuzisha mtu. Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja, namba zote zitakazofuata zitakuwa za kumfurahisha mwenyewe.

Ukialika mkufunzi, muulize kabla ya kulipa: njia yako inataka data kiasi gani, na biashara yangu inazalisha kiasi gani kwa mwezi? Tutajuaje baada ya miezi mitatu kwamba imefaa, kwa namba ipi? Nani humu ndani ataifanya ukishaondoka, na kwa saa ngapi kwa wiki? Mwenye ujuzi wa kweli atafurahia maswali hayo, na mara nyingine atakwambia unachohitaji ni kidogo kuliko alichokuja kukuuzia.

Kuhusu wakati, miezi ya Mei na Juni, wageni wakiwa wachache na nyumba nyingine zimefungwa kwa matengenezo, inafaa kwa kusasambua karakana, kuandika upya orodha ya usafi na kufundishana kipimajoto. Kuhesabu malalamiko na milango anza Julai wageni wanaporudi, uendelee bila kuruka wiki. Kufika Novemba, kabla ya kaskazi kukolea na msimu mkubwa kuanza, wastani utakuwa nao na mistari ya chati unaweza kuichora.